Mabenchi ya Bwana Viti

Kanisa letu lilianzia katika ukumbi wa harusi, na mtu asinihubirie utakatifu wa mahali kama hajawahi kufagia vizibo vya bia huku waumini wanaingia mlangoni. Jumamosi watu walioana mle ndani, wakacheza, wakamwaga soda na vingine visivyo soda. Jumapili asubuhi tuliingia sisi na mifagio. Maputo yalibaki yamening'inia darini. Siku moja mchungaji alikuwa amefika katikati ya habari za jehanamu, puto likapasuka juu ya kichwa chake, na mwanakwaya mmoja aliyekuwa anasinzia akaruka akapiga kelele kwamba ametubu.

Viti vilikuwa vya plastiki, vyenye mikono, vimepandanishwa nyuma ya jukwaa hadi kumpita mtu urefu. Kila Jumapili vilishushwa vikapangwa, na baada ya ibada vikarudishwa, kwa sababu jioni kulikuwa na wengine wanaotaka kuoana. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu. Kanisa zima lilimwita Bwana Viti, na wapo walioamini kwamba ndilo jina alilobatiziwa.

Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma, mimi ni fundi cherehani. Mama husema alizaa mtoto wa moto na mtoto wa uzi, na kwamba wa uzi ndiye mwenye maneno marefu. Tunakaa pamoja: nyumba ya mama mbele, cherehani yangu barazani, karakana ya kaka uani.

Zamani kaka alikuwa na sauti. Aliimba besi nzito iliyotikisa glasi kabatini, na mama alipenda kumsikiliza akiwa amefumba macho. Kisha mkewe, wifi yangu, akaugua, akafariki. Kaburini walimwomba kaka aseme neno. Alifungua mdomo, akaufunga. Tangu siku ile hakuimba tena wala hakuomba mbele ya watu. Hata mezani, akiombwa kubariki chakula, alinigeukia mimi, na mimi nikabariki haraka haraka kabla hakijapoa.

Mama alimburuta ukumbini akiwa hataki. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Mama hakumhubiria hata neno. Alichukua rundo la viti akambebesha mikononi.

"Shika hivi, baba," alimwambia. "Mgongo unaniuma."

Mgongo wa mama yangu ni mgongo wa ajabu. Unauma pale tu anapokuwa na jambo lake. Kaka alishika viti, akauliza aviweke wapi, na hivyo ndivyo alivyorudi kanisani.

Basi akawa wa kwanza kufika kila Jumapili. Hakuvipanga hovyo. Kila kiti alikitikisa kwanza. Kilichoyumba hakukiweka wanapokaa wazee. Mjamzito alimwekea karibu na mlango. Mama alikuwa na kiti chake, kipana kidogo kuliko vingine. Na kile chenye ufa, kinachofinya mapaja, kila Jumapili kilijikuta chini ya mzee wa kanisa anayesimamia utaratibu, yule tunayemwita Itifaki, kwa sababu aliwahi kumwambia kaka kwamba mistari yake imepinda. Akipanga, kaka alikuwa akichezesha midomo.

"Unahesabu?" nilimuuliza siku moja.

"Nawapanga," alinijibu, nami nikaendelea kufagia.

Yeye mwenyewe alikaa mstari wa mwisho, kwenye viti viwili. Kimoja cha kwake, kingine cha kofia yake. Hakuna aliyekaa kwenye kiti cha kofia. Nilidhani hapendi kubanwa, maana wenye mabega kama yake ni wachache.

Ndipo tukajenga. Tulijenga kwa miaka, sitasema mingapi, ila nilikuwa mwembamba tulipoanza. Lilipokamilika likawa jengo la kuinua moyo kweli: kuta za matofali, madirisha marefu, na asubuhi mwanga unashuka wote juu ya meza ya Bwana. Kitambaa cha meza nilikishona mimi. Siku nilipokitandika nililia kwa sauti, na sioni haya kusema hivyo. Nililia kwa sababu ile ilikuwa meza ambayo Jumamosi hakuna mtu atakayekatia keki juu yake. Wanaosema Mungu hahitaji jengo wanasema kweli. Lakini sisi tulilihitaji, tena sana.

Suala la kukaa liliamuliwa kwenye kikao. Itifaki alisimama, sauti ikamtetemeka.

"Tumehamahama vya kutosha," alisema. "Mgongo huu umebeba spika, umebeba mimbari, umebeba mpaka kisima cha ubatizo cha plastiki. Ninachotaka kabla sijafa ni kitu nitakachokiacha Jumapili na kukikuta palepale Jumapili inayofuata."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ikaamuliwa: mabenchi, tena yafungwe sakafuni kwa bolti. Safari hii hakuna kitakachohama. Ni watu waliokaa miaka kwenye ukumbi wa kukodi tu wanaoweza kufikiria kufunga benchi kama vile kuna mtu anataka kuliiba.

Kaka ndiye aliyechomelea miguu ya chuma ya mabenchi, kama sadaka yake. Ndiye aliyetoboa sakafu na kukaza bolti zote. Kazi safi: ukivuta uzi kutoka ukutani hadi ukutani, hakuna benchi lililotoka nje hata unywele. Itifaki alipita akiyapapasa moja moja kama mtu anayehesabu ng'ombe wake.

Siku ya uzinduzi kaka alifika mapema kama kawaida yake. Hakukuwa na cha kushusha wala cha kupanga. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, watu wakampita, wakaingia, wakakaa popote. Wimbo wa pili ulipoanza niligeuka kumtazama. Hakuwepo.

Jumapili iliyofuata alisema ana geti la mteja. Iliyofuata tena, geti. Na tena, geti lile lile. Nikajua hilo geti halitaisha.

Mwanzoni watu waliulizia, "Bwana Viti yuko wapi?" Baadaye wakaacha. Ukumbini mtu akikosekana kiti chake kilibaki wazi, na kilikutazama. Benchi halina habari na mtu. Watu wanasogeleana, pengo linafungika, na wote tunakaa kwa raha zetu.

Nyumbani mambo yalianza kurudi kulekule. Kaka akawa anakula karakanani peke yake. Mama anapeleka sahani, anarudi ameshika kiuno.

"Nilikuwa nikimsubiri afungue mdomo," aliniambia, macho yamelowa. "Nilijua atafungua tu, polepole. Sasa namwona anazama tena. Nataka nimsikie mwanangu akiimba mbele za Mungu kabla sijafumba macho yangu. Sina ombi jingine."

Siku ileile nikampelekea kaka chai, nikiwa nimejiandaa. Maneno ninayo, kila mtu anajua.

"Mchungaji anasema kanisa si jengo, ni watu," nilianza.

"Basi watu wanajua ninapokaa," alijibu bila kuinua kichwa.

"Una ugomvi na nani, kaka?"

"Sina ugomvi na mtu. Hata jengo lenyewe nalipenda." Alivua miwani ya kazi, akafuta jasho kwa kiwiko. "Unajua, nilipokaza bolti ya mwisho nilisimama nikalitazama. Nikaona kazi imekwisha. Mle ndani hakuna kilichobaki cha kufanya ila kufungua mdomo. Na mdomo wangu unaujua."

"Lakini ukumbini pia hukufungua mdomo."

"Kule nilikuwa naomba kwa mikono, mdogo wangu. Nikishika kiti namtaja mwenyewe. Huyu sukari imepanda. Huyu mtoto wake hapokei simu. Huyu ameoa juzi na ameshaanza kujuta. Nikimaliza kuwapanga, nimemaliza sala yangu. Ninyi mkianza kuimba, mimi nishasema amina zamani." Alirudisha miwani usoni. "Sasa nikamwombee nani? Wote mmekazwa."

Nilirudi ndani na kikombe changu, nikamweleza mama yote, neno kwa neno. Alisikiliza huku anachambua mboga. Halafu taratibu, bila kunitazama, akaupeleka mkono nyuma akaushika mgongo.

"Unaniuma," alisema.

Jumapili mama alivaa gauni lake zuri, akaingia kanisani, akakaa benchi la tatu. Akajinyoosha. Akajikunja. Akatoa sauti ambayo kwaya yote iligeuka kuitazama. Kisha akainuka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za mlangoni na mkoba wake mapajani.

Itifaki alimfuata mbio. "Shikamoo, mama. Ibada inaanza."

"Marahaba, mwanangu. Anzeni tu."

"Mama, utakaaje mlangoni?"

"Mgongo. Benchi halina pa kuegemeza mikono. Mimi nataka kiti changu."

"Kiti tutakiweka wapi? Njia ya katikati lazima iwe wazi."

"Basi toeni benchi."

Itifaki alishika kichwa. "Mama yangu! Mabenchi yamefungwa kwa bolti!"

"Bolti si ndoa, mwanangu. Inafunguliwa. Aliyeifunga si yupo?"

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimebana midomo. Mwanamke huyu asubuhi ileile alikuwa amebeba ndoo ya maji kichwani, tena akiimba. Mchungaji wetu, ambaye ni kijana lakini haambiwi jambo mara mbili, alitoka na joho lake kuona kuna nini. Alimtazama mama. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nenda kamwite fundi," aliniambia.

Nyumbani si mbali. Nilimkuta kaka anasugua lile geti, limeng'aa mpaka unaweza kujitazama.

"Mama amekaa kwenye ngazi za kanisa, amegoma kuingia," nilisema nikihema. "Anataka benchi litolewe awekewe kiti chake. Chukua spana."

"Ana nini?"

"Mgongo."

Kaka aliacha kusugua. "Mgongo ule ule?"

"Ule ule."

Angeweza kukataa. Nilimwona akilifikiria hilo, kidole kikipita juu ya geti. Kisha akaitwaa spana, akachukua kofia yake msumarini, tukaondoka.

Aliingia kanisani na ovaroli lenye madoa ya oili, watu wote wamependeza, wimbo unaendelea. Alipita katikati akiwa ameinamisha kichwa, akalala chini ya benchi la tatu upande wa njia. Waliokuwa wamelikalia walisimama kando. Itifaki alishindwa kuvumilia.

"Mchungaji, mabenchi haya tuliyawekea maombi! Yamewekwa wakfu!"

"Ni kweli, mzee," mchungaji alisema. "Mabenchi tuliyaombea. Bolti sikumbuki kama tulizitaja."

Watu wakacheka. Itifaki hakucheka, na mimi nilimwonea huruma, maana ile ilikuwa ndoto yake inafunguliwa nati kwa nati. Lakini bolti zilipotoka, ni yeye aliyeshika upande wa pili wa benchi na kulitoa nje pamoja na kaka, akisema kila hatua, "Taratibu, usilikwaruze, taratibu."

Viti vya zamani vilikuwa stoo, nyuma ya kanisa. Kaka alirudi navyo vinne, vimepandana. Alishusha cha kwanza, akakitikisa, akakiweka. Cha mama. Alishusha cha pili, akakitikisa, akakiweka kulia kwa cha mama, akamwita dereva mmoja aliyevunjika mguu, ambaye Jumapili zote hizo alikuwa amekaa upande na mguu wake wa plasta kila mtu anajikwaa nao. Nilikuwa nimerudi kwenye benchi langu, nyuma yao tu, nikaona midomo ya kaka inacheza.

Akashusha cha tatu. Akashusha cha nne. Akavua kofia, akaiweka juu ya cha nne.

Hapo ndipo alipozinduka. Alisimama akavitazama vile viti kama mtu aliyefika nyumbani asijue amepita njia gani. Mikono yake ilikuwa imefanya ilivyozoea. Tofauti ni kwamba huku si mstari wa mwisho, huku ni mbele, macho ya kanisa zima yako mgongoni mwake. Aliinama kuichukua kofia. Mama, ambaye alishaingia na kukaa kama malkia, alikipapasa kile kiti cha tatu.

"Kaa, baba," alisema. "Umechoka."

Kaka akakaa. Mama kuliani kwake, na kofia kushotoni kwake. Nikakumbuka kwamba wifi yangu, popote walipokwenda, harusini, msibani, kwenye foleni ya benki, alikaa upande wa kushoto wa kaka. Miaka yote ile nilidhani ni kofia tu.

Mchungaji alianza kuhubiri. Alikuwa hajafika mbali pale mlango ulipofunguliwa, akaingia mwanamke ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa na sare ya ulinzi, mabuti miguuni, macho mekundu ya kukesha lindoni. Alitazama nguo zetu, akatazama mabuti yake. Nilijua kabisa anachofikiria. Hatua moja nyuma na angeondoka.

Itifaki alimwahi. Alimkaribisha kwa mikono miwili, akaanza kumtafutia mahali. Mabenchi yalikuwa yamejaa, hasa baada ya moja kutolewa. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, halafu jicho lake likatua kwenye kiti cha kofia. Akamwongoza yule mwanamke hadi pale.

Mama alinyoosha mkono mbele ya kaka, akafunika kile kiti kwa kiganja.

"Hapo pana mtu," alisema, kwa sauti ya chini lakini kali.

Kwa hiyo mama alijua. Siku zote alijua.

Yule mlinzi alirudi nyuma. "Samahani, mama. Nitasimama tu, hakuna shida. Nimezoea kusimama."

Kaka aliitazama kofia. Kisha akauondoa mkono wa mama polepole, akaichukua kofia, akaiweka gotini.

"Kaa, dada," alisema. "Ni kiti cha mke wangu. Yeye naye alikuwa hawezi kuona mtu amesimama."

Tangu tumzike hakuwahi kutamka neno hilo, mke wangu, mbele ya mtu yeyote. Alilitamka kanisani, mbele ya kila mtu, na sauti haikukatika. Yule mwanamke akakaa, mabuti yake ameyaficha chini ya kiti. Itifaki alibaki amesimama pale bila sababu, akifuta miwani yake kwa ncha ya tai.

Baada ya mahubiri tukasimama kuimba. Mgeni hakuwa na kitabu. Kaka alifungua cha mama, akakiweka katikati yao, na kwa kile kidole chake kikubwa kilichojaa makovu ya moto akaanza kumwonyesha maneno, mstari kwa mstari, maana alionekana hajui wimbo wetu hata mmoja. Kidole kilisogea. Midomo ya kaka nayo ikaanza kusogea.

Mimi nikiimba huwa sijizuii, na siku ile nilikuwa na sababu zangu. Niliimba kwa nguvu zote, machozi yananitiririka hadi shingoni. Ghafla mama akageuka nyuma, akanyoosha mkono wake, akanifinya pajani kama nilipokuwa mtoto.

"Nyamaza wewe," alininong'oneza. "Nimsikie mwanangu."